Dawa Mkononi mwa Mkwe

6 Februari

Mdogo wangu Kufuli,

Salamu kwako, kwa wifi yangu na kwa wanao wote. Sisi huku tunapumua, na kwa mwaka huu hiyo ni habari kubwa. Mwanangu bado anaendesha lori lile lile, anakuja nyumbani ananuka dizeli, analala siku nzima, kisha anaondoka. Mke wake bado yuko kwenye kiwanda cha mikate, anatoka alfajiri na kurudi mchana mikono imejaa unga hadi viwikoni. Kuku wote wameisha. Usiniulize.

Sasa la kwangu. Yale maradhi niliyokuambia, ya kukonda huku nakula kama mchimba mitaro, na kutetemeka hadi sindano ikawa inashona kidole badala ya nguo, yamepatiwa jina. Ni tezi ya shingo. Daktari anasema kinga ya mwili wangu, ambayo kazi yake ni kupigana na magonjwa, imeigeukia tezi yangu na kuichokoza, nayo tezi imechachamaa inafanya kazi kupita kiasi. Ndiyo iliyonitoa macho hivi. Nikijitazama kwenye kioo naona mtu aliyefumaniwa. Moyo nao umeharibika mwendo, unakimbia, unajikwaa, unakimbia tena. Kwa hiyo nimepewa dawa mbili, moja ya kutuliza tezi, nyingine ya kuifanya damu iwe nyepesi, maana moyo ukienda ovyo damu inaweza kugandia humo ndani, halafu kipande kikapanda kichwani. Daktari alieleza mengi zaidi, lakini mimi nilikuwa natazama kiatu chake, soli imeachia.

Vidonge vyenyewe vinakuja vimebanwa kwenye karatasi za bati, na vidole vyangu haviwezi kuvifyatua. Mkwe wangu akavifyatua vyote akavitia kwenye makopo yangu ya vifungo, vya rangi ya waridi kopo lake, vya kahawia kopo lake. Kila jioni ananiletea kwenye kiganja pamoja na kikombe cha maji, anasimama pale hadi nimeze. Hasemi neno. Unamjua alivyo, akisema sentensi mbili kwa siku ujue kuna msiba. Lakini tangu niugue amekuwa mwema ghafla, hadi miguu ananiosha.

Nina doa jeusi pajani, damu imevilia. Sikumbuki nilijigonga wapi.

Niandikie, usipige simu. Kuta za nyumba hii ni za mbao na kila neno linasikika hadi jikoni.

Dada yako


27 Februari

Dada yangu mpenzi,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai, sijui ni wewe au ni watu wa posta waliokaa nayo mezani wakaizoea. Wifi yako anakusalimu, goti bado linamsumbua na bado linatumika kama sababu ya kila kitu. Watoto wazima. Ghala limejaa mahindi hadi kwenye kenchi, na panya wa mwaka huu hawana adabu hata kidogo, wanakutazama usoni huku wanatafuna.

Nimesikitika na hayo maradhi. Pole sana. Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikahuzunika. Nimeisoma mara ya pili nikasimama kwenye neno moja, hilo la "ghafla".

Dada, mimi ni mtunza ghala. Kazi yangu ni kudhani kila mtu ameiba mpaka mizani iseme vingine, na kwa miaka yote hii mizani imesema vingine mara chache sana. Mtu aliyekaa nyumbani kwako miaka minne bila kukuuliza umelalaje, leo anakuosha miguu? Na hilo doa la pajani lilikuja kabla ya vidonge au baada? Nani alikwenda dirishani kuchukua dawa, wewe au yeye? Daktari alizitaja kwa majina, au alisema tu dawa ya hiki na dawa ya kile?

Halafu nikumbushe. Kile chumba cha mbele ulichoweka cherehani, kinachotazama barabara, si ndicho alichokitaka mwaka juzi auzie mikate?

Sisemi kitu. Nauliza tu. Niandikie majina ya hizo dawa.

Mdogo wako, Kufuli


19 Machi

Kufuli,

Salamu. Goti la wifi yangu lipone, na likishapona mwambie aje anitembelee maana sababu itakuwa imekwisha. Mwanangu alipita wiki iliyopita, kapeleka saruji, karudi na saruji nyingine, sijui wenye saruji wanatafuta nini. Uzito wangu umeanza kurudi. Moyo nao ulikuwa umetulia kidogo, sketi za sare za shule nimeshona kumi bila kujichoma.

Umenikera. Nilikuandikia habari ya ugonjwa ukanijibu kama polisi. Yule msichana ana kasoro zake, lakini wakati nilipokuwa siwezi kujifunga kitambaa kichwani alinifunga yeye.

Hata hivyo umeniuliza, na swali likishaingia kichwani halitoki. Dirishani alikwenda yeye, mimi nilikaa kwenye benchi. Daktari hakutaja majina. Chumba cha mbele ndicho hicho hicho, na Jumapili iliyopita aliniuliza kama cherehani isingekaa vizuri zaidi upande wa nyuma, penye upepo. Upepo wa nini, na mimi nashona vitambaa vyepesi? Nilijifanya sikusikia.

Nilingoja hadi amekwenda kazini nikatafuta maboksi ya dawa. Hayakuwepo kwenye takataka. Nimeyakuta chini ya godoro lake, yamekunjwa. Maandishi ni madogo na macho yangu yanaona kila kitu viwili viwili, lakini nimeyanakili herufi kwa herufi. La kwanza linasema kabimazoli. La pili linasema warfarini. Ipi ni ya waridi na ipi ni ya kahawia sijui, makopo hayana maandishi, na yeye ndiye anayejua. Siwezi kumwuliza bila yeye kuniuliza kwa nini.

Kuna doa jingine mkononi, dogo. Nimemwonyesha. Akalishika kwa kidole, akasema tutamwambia daktari. Basi.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Salamu za wote, naomba uzichukue kwa mkupuo maana sina utulivu wa kuzigawa.

Kaa kwanza ndipo usome.

Hilo jina la pili nalijua. Nalijua kuliko ninavyojua jina la mkuu wangu wa kazi. Limeandikwa kwenye ndoo iliyo nyuma ya mlango wa ghala, chini ya picha ya fuvu. Ni sumu ya panya, dada. Ninainyunyiza kwa mkono wangu, nimevaa glavu, kila mwezi. Panya akiila hafi siku ile. Anaendelea na shughuli zake, anavuja damu ndani kwa ndani, kidogo kidogo, na ukimwokota ana madoa chini ya manyoya. Madoa, dada.

Nilipoliona kwenye barua yako nilitoka nje nikakaa juu ya gunia. Nikajiambia labda umenakili vibaya. Lakini herufi ni zile zile.

Nisikilize. Usiseme lolote kwake, wala kwa mwanao, kwa sababu mwanaume akilala na mtu anamwambia. Ukimwuliza atabadilisha njia na hutaiona ya pili. Wewe fanya hivi: hicho kidonge usikimeze. Kiweke chini ya ulimi, kunywa maji, akitoka kiteme. Kuhusu rangi, sumu yetu huku hutiwa rangi ya waridi makusudi, ili mtu asiidhanie nafaka akaipika. Kwa hiyo ni cha waridi. Cha kahawia endelea nacho, hicho bila shaka ndicho cha tezi.

Mimi nilimwambia mwanao kabla hajaoa. Nilisema mwanamke asiyeongea anafikiria kitu. Mkacheka wote.

Mdogo wako anayekupenda, Kufuli


24 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Huku mvua zimeanza, paa la jikoni limekumbuka tundu lake.

Nimefanya ulivyosema. Ni kazi rahisi kuliko nilivyodhani, na hilo limenitia huzuni kidogo. Anasimama, nakunywa, anachukua kikombe, anaondoka, nami nakitema kwenye leso. Natia kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini. Vimekuwa vingi sasa, vimenata. Cha kahawia nameza kama kawaida.

Ninamtazama sana siku hizi. Nilikuwa sijawahi kumtazama. Akikata mkate anaukata huku ameuegemeza kifuani, kisu kinakuja upande wake. Akidhani nimelala anakuja kusikiliza kama napumua. Zamani ningesema ananihurumia. Sasa nabana pumzi nione atafanya nini. Juzi nilibana, akanitikisa bega kwa nguvu hadi nikaogopa.

Ilikuwa zamu ya kwenda kupimwa damu, ile ya kila mwezi ya kuangalia wepesi wake. Yeye ndiye hunipeleka. Nikasema miguu inauma. Akasema, "Mama, hiki kipimo hakirukwi." Akasema tena kesho yake. Kwa mtu asiyesema, kusema jambo moja mara mbili ni ajabu, au sivyo? Sikwenda.

Mikono imeanza kutetemeka tena na moyo unakwenda mbio usiku. Najua ni hofu. Nani asingetetemeka?

Madoa hayajapungua. Nilidhani yatapungua.

Dada yako


8 Mei

Dada,

Salamu zako zimefika. Hatujambo.

Madoa hayajapungua kwa sababu amekugundua. Nilikuambia, akijua atabadilisha njia. Sasa anaitia kwenye chakula. Ndivyo tunavyofanya hata sisi, panya wakikataa vidonge tunawachanganyia kwenye unga, na yeye kazi yake ni unga. Usile cha mkono wake. Chemsha chai yako mwenyewe, kula vitu vilivyofungwa dukani. Mboga, mchuzi, mkate wake, acha.

Na kipimo umefanya vizuri kukataa. Anakusisitizia kwa nini? Huenda ana mtu wake huko.

Usidhani nasema ya kichwani mwangu tu. Nimeuliza watu wanaojua.

Vumilia kidogo, mambo yataisha hivi karibuni. Siwezi kueleza zaidi.

Kufuli


30 Mei

Kufuli,

Hatujambo ni neno la kuandikia tu, sina jingine.

Yameisha, kama ulivyosema, ila sijui ulijuaje. Mwanangu alifika Jumamosi bila taarifa, katikati ya safari, lori kaliacha barabarani na mzigo juu. Hakunisalimu. Alimwita mkewe chumba cha mbele akamwuliza mbele yangu, "Unampa mama nini?" Yule akanitazama mimi badala ya kumtazama mumewe. Nami nikafungua droo, nikamwaga mezani vile vidonge vyote vya waridi, vimeshikana na nyuzi.

Akavitazama. Akasema, "Mama, ina maana hivi ulikuwa humezi?" Akafungua mdomo aongeze kitu, mwanangu akamwambia anyamaze, asiseme hata neno moja. Kwa hiyo akanyamaza. Unajua hilo analiweza. Alifunga nguo zake kwenye shuka akaenda kwa dada yake, mtaa wa nyuma yetu. Alipofika mlangoni alirudi akafunika sufuria ya maziwa.

Mwanangu alikaa siku mbili, kisha mwenye lori akampigia kelele akaondoka. Niko peke yangu. Chumba cha mbele ni changu, cherehani ni yangu, hakuna anayenihamisha. Nakula biskuti na chai kavu. Mboga sijaonja tangu barua yako. Cha kahawia naendelea kumeza mwenyewe kila jioni, sikosi, nikijua ndicho kitakachonitulizia tezi, maana moyo sasa unanikimbia hadi kitanda kinatikisika.

Sasa nieleze, wewe unayejua. Ameondoka tangu Jumamosi. Hapiki, hagusi kikombe changu. Na mimi ndiyo kwanza nazidi. Fizi zinatoka damu nikisugua meno, mto umejaa madoa. Mkojo una rangi ya chai. Nimeinama kuokota kitufe, asubuhi yake goti lote ni jeusi. Kama ni yeye alikuwa ananiua, nani ananiua sasa?

Jibu haraka.

Dada yako


12 Juni

Dada,

Nenda hospitali. Usisome kwanza, nenda, utasoma ukiwa kwenye foleni. Chukua makopo yote mawili.

Barua yako nimeipata leo asubuhi. Nilikwenda moja kwa moja kwa mfamasia wa hapa mjini, mama mmoja mtu mzima, nikamwekea barua zako juu ya kaunta. Nikamwambia mtu anampa dada yangu sumu ya panya. Akasoma. Hakushtuka hata kidogo. Akasema ndiyo, ni kitu kile kile, lakini kwa watu hutolewa kidogo kidogo, kwa kipimo, kuzuia damu isigande, na ndiyo maana damu hupimwa kila mwezi. Akasema watu wengi wenye moyo wa namna yako wanaitumia na wako hai kwa ajili yake.

Kisha akaniuliza, dada yako aliacha ya rangi gani? Nikasema ya waridi. Akauliza hiyo ya waridi ni ipi, nikasema ni ile ya sumu. Akanitolea boksi kutoka rafuni. Hapa kwake vya tezi ndivyo vya waridi. Vya damu, vya nguvu ndogo, ni vya kahawia. Akauliza nani aliyemwambia aache, nikasema ni watu tu.

Nimepiga simu ofisi ya malori wamesema mwanao yuko njiani. Mwambie jirani yeyote. Usimeze tena cha kahawia mpaka daktari akuone.

Kufuli


28 Juni

Dada,

Sijapata jibu. Wifi yako anasema posta inachelewa wakati wa mvua. Anasema hivyo kila nikiinuka kwenda mlangoni.

Nataka ujue kwamba kila nilichoandika nilikiandika kwa mapenzi. Mtu yeyote mwenye ile ndoo nyuma ya mlango wake angefikiria vile vile. Na ukweli ni kwamba yule msichana angeweza kueleza, ana mdomo kama watu wengine. Yale maboksi chini ya godoro, mtu mwema anaficha maboksi ya nini?

Niandikie hata mstari mmoja. Hata matusi.

Kufuli


21 Julai

Mdogo wangu,

Salamu kwa wifi na watoto. Mwanangu mzima, ameomba safari fupi fupi. Mvua zimekatika. Mimi nimerudi nyumbani Jumatatu, barua zako mbili nimezikuta zimesukumwa chini ya mlango. Ya kwanza iliandikwa nikiwa nimeshalazwa zamani.

Siku ya pili baada ya kukuandikia, pua ilianza kutoka damu. Nilibana, nikainamisha kichwa, nikaweka kitambaa cha maji. Haikukata. Nilijaza vitambaa vyote vya mteja mmoja wa shela, sijui nitamwambia nini. Karibu na alfajiri sikuweza tena kusimama. Mkwe wangu alikuwa anapita barabarani kwenda kazini. Akaona taa yangu inawaka na dirisha liko wazi, akajua mimi siyo mtu wa kuacha taa. Mlango aliusukuma kwa bega. Alinibeba mgongoni hadi kiwandani kwao, wakatoa trei za mikate kwenye gari, wakanilaza humo. Nilinuka mkate hospitali nzima, wauguzi walikuwa wanatania.

Walinichoma sindano, wakaniongezea damu ya mtu mwingine. Daktari ni yule yule wa soli. Safari hii nilimsikiliza. Ameniambia tezi ikichachamaa mwili unaviunguza haraka vile vitu vinavyogandisha damu, kwa hiyo ile dawa ya damu inapata nguvu kupita kiasi, ingawa kidonge ni kile kile. Kiasi cha dawa hiyo kilipangwa wakati tezi imeanza kutulia kwa ajili ya cha waridi. Mimi nilipoanza kukitema, tezi ikarudi juu, na cha kahawia kikawa kisu. Na kutokula mboga za majani, ambazo husaidia damu kuganda, kukakiongezea makali. Na kipimo cha damu ambacho kingesema yote haya ndicho nilichokikataa. Kila nilichofanya ili nisiuawe kilinisogeza kaburini, Kufuli, na kila kimoja kina mwandiko wako.

Nikamwuliza, je, ningetema kile cha kahawia, kama mdogo wangu alivyokusudia? Akasema huenda damu ingeganda na leo ningekuwa nimepooza upande mmoja, sisemi. Kwa hiyo makosa yako yalinikosesha kosa kubwa zaidi. Sijui kama hiyo ni shukrani.

Maboksi. Umeuliza maboksi. Aliyaweka chini ya godoro kwa sababu dirishani walimwambia kila akirudi aje na boksi, bila boksi hawatoi. Mimi nawasha moto kila jioni kwa takataka yoyote ninayoikuta, nyumba nzima inajua. Aliyaficha nisiyachome.

Mwanangu ameniambia pia jambo ambalo wewe hujaniambia katika barua hata moja. Ni wewe uliyempigia simu ofisini kwao. Ulimwambia, "Mkeo anamuua mama yako, njoo leo." Na hao watu wanaojua, uliowauliza, ni akina nani? Mfamasia ulimwendea mwezi Juni. Mwezi Mei ulikuwa umemwuliza nani?

Mimi pia sijifichi. Wewe uliandika, lakini leso ilikuwa yangu na droo ilikuwa yangu. Nilimwona akifunika maziwa siku niliyomfukuza na bado sikumwita arudi.

Nilipotoka hospitali nilikwenda kwa dada yake. Nilipiga magoti, kwa goti hili hili jeusi. Nilisema yote. Alinyanyua mkono wangu akaniinua, akachukua shuka lake, tukarudi pamoja kwa miguu, taratibu, kwa sababu yangu. Amesema sharti moja tu. Atapika, atafua, atanipeleka kupimwa damu kila wiki, atanibeba tena ikibidi. Dawa hatagusa. Kopo hatafungua, kidonge hatashika, hata nikimwomba. Mwanangu alimsihi, akamwambia yameisha. Akainuka akaenda kuchota maji.

Ninataka uje. Barua sitaki tena, unaandika vizuri mno. Njoo ukae mbele yake useme ulichosema, na usipajue pa kuweka mikono yako.

Vidonge navimeza mwenyewe sasa. Daktari ameongeza cha tatu, cheupe, na amenipunguzia cha kahawia, siku nyingine nusu, siku nyingine kizima. Jana jioni macho yalikuwa mabaya, naona makopo sita badala ya matatu. Vidole vinatetemeka. Nikamnyooshea mkwe wangu makopo nikamwambia, mwanangu, nitazamie tu, ipi ni ipi. Akaweka mikono nyuma, mbali, kana kwamba yanaunguza. Akasema, "Ngoja nimwite jirani, Mama." Akatoka haraka, karibu anakimbia, akarudi naye. Jirani akanichagulia, akanipa maji, nikameza.

Yeye alisimama mlangoni muda wote, akihakikisha kwamba jirani ameona.

Dada yako